Pesa ya droo: Mangi anapojichotea, kodi inaanzia wapi?

Saa mbili usiku Mangi anashusha geti la duka nusu na kumwaga droo juu ya kaunta. Noti zinafika 640,000, ukiacha zilizoingia kwa Lipa Namba. Anachomoa elfu 40 na kuitia mfuko wa shati: hiyo ni ya nyumbani. Mchana mtoto wake alikuja kuchukua sukari kilo mbili na mafuta ya kula lita moja kutoka rafuni. Hakuna kilichoandikwa. Duka lake, pesa yake, sukari yake, amwandikie nani?

Mangi huyu ni wa mfano tu, lakini kila mtaa Tanzania una wake. Kwenye kupangia watu daftari nimekutana naye kwa sura nyingi, na kila mara swali la kodi likigusa ile elfu 40, majibu yanapishana. Mmoja atasema ni matumizi ya duka kama umeme, kwa hiyo inapunguza kodi. Wa pili atasema ni mshahara wake, kwa hiyo akatwe PAYE, kodi ya mishahara, kama mwalimu. Wapo pia, na hawa ndio wengi, wanaoamini kwamba unatozwa kwa kile unachokitoa. Ukikiacha dukani kikageuka mzigo, TRA, mamlaka ya mapato, haina lake.

Hakuna aliyepata. Elfu 40 ile si matumizi ya biashara, si mshahara, wala si kipato kipya. Kwa kodi ya mapato ya mwenye duka, kuitoa kwake ni kama kuhamisha pesa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Kodi ilishaipata kabla haijafika kwenye shati, na ingeipata hata kama ingelala drooni.

Sababu iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni kwamba duka la mtu binafsi halina nafsi yake. Hata likiwa na jina la biashara lililoandikishwa BRELA, kwa msajili wa biashara, na bango kubwa barabarani, mbele ya sheria ya kodi duka na Mangi ni mtu mmoja mwenye TIN, namba ya mlipakodi, moja. Mtu hawezi kujiajiri mwenyewe kwa mkataba, akajilipa mshahara, halafu akadai kwamba mshahara ule umempunguzia faida. La pili ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inayotenganisha matumizi ya aina mbili: yale ya kuzalisha kipato cha biashara, ambayo yanakatwa kwenye mapato, na yale ya mtu kujitunza yeye, familia yake na nyumba yake, ambayo hayakatwi hata kidogo. Ada ya shule, kodi ya nyumba unayolala, mchango wa harusi ya binamu: yote hayo yako upande wa pili, hata kama yamelipwa kwa noti zilizotoka droo ya duka saa hiyohiyo.

Tuweke namba. Chukua Mangi anauza milioni 180 kwa mwaka. Mzigo aliouuza ulimgharimu milioni 150. Pango la fremu, mshahara wa kijana wa dukani, umeme, usafiri na ushuru mdogomdogo vimekula milioni 12. Faida yake ni milioni 18.

Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2021, milioni 3.24 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi milioni 6.24 ni asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi milioni 9.12, kisha 25 hadi milioni 12, na kinachozidi hapo ni asilimia 30. Ukifika milioni 12 umeshadaiwa 1,536,000. Mangi ana milioni 6 za ziada, asilimia 30 yake ni 1,800,000. Jumla anadaiwa 3,336,000.

Sasa zile elfu 40 za kila usiku, mwaka mzima, ni 14,600,000. Je, angejichotea milioni 5 tu, kodi ingepungua? Hapana, ni 3,336,000. Angejichotea milioni 25, zaidi ya faida yenyewe? Kodi ni ileile 3,336,000, ila hapo atakuwa anakula mtaji, na sheria ya kodi haina kifungu cha kumhurumia anayekula mtaji.

Anayefanya kosa la kuita pesa hiyo mshahara ndiye anayeumia baadaye. Anaandika kwenye hesabu: mshahara wa mwenye duka, milioni 1 kwa mwezi, jumla milioni 12. Faida kwenye karatasi inabaki milioni 6, na kodi inashuka hadi 220,800. Inapendeza kwelikweli, hadi afisa atakapoufuta ule mstari wa mshahara kwa kalamu moja na kurudisha faida kwenye milioni 18. Tofauti ni zaidi ya milioni 3, na juu yake kuna riba na adhabu.

Hesabu za Mangi zina jambo jingine ambalo huwa nalirudia mara mbili mezani, kwa sababu watu hawalitegemei. Toa 14,600,000 alizojichotea kwenye faida ya milioni 18. Zinabaki 3,400,000. Toa kodi. Zinabaki 64,000. Mwaka mzima wa kufungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, na duka limekua kwa shilingi elfu sitini na nne. Ukimuuliza atakwambia kodi imemla. Kodi imekula milioni tatu na kidogo. Elfu 40 za kila usiku zimekula mara nne ya hizo, ila zenyewe hazikuja na barua.

Na kodi ya mapato yenyewe je, si gharama ya biashara? Si gharama. Ni deni la Mangi kama mtu, kwa hiyo akiilipa kwa pesa ya droo, hapo napo amejichotea. Ndiyo maana anayeita kodi yake ya mapato matumizi ya duka na kuikata kwenye hesabu za mwaka hurudishiwa hesabu hizo.

Tuje kwenye sukari. Hapa watu wengi wanakosea bila nia mbaya, maana hakuna noti iliyotoka. Mzigo wote ulionunuliwa uko ndani ya ile milioni 150 ya gharama. Kama nyumba inachukua bidhaa za laki moja kila mwezi kwa bei ya kununulia, basi katika ile milioni 150 kuna 1,200,000 ambayo haikuuzwa, ililiwa. Ni matumizi ya nyumbani yaliyojificha kwenye gharama ya mzigo. Ukiiondoa, gharama inashuka, faida inapanda hadi milioni 19.2, na kwa kuwa Mangi yuko kwenye ngazi ya asilimia 30, kodi inaongezeka kwa 360,000. Kwa kiasi hicho hakuna anayefilisika. Lakini afisa mzoefu akiona duka la vyakula ambalo familia ya watu saba haijawahi kuchukua hata kiberiti, anajua daftari lile lilijazwa usiku mmoja.

Vitu vya matumizi mchanganyiko vinahitaji akili zaidi ya sheria. Pikapu inaleta mzigo siku sita na Jumapili inapeleka familia kanisani. Simu ni ileile ya kuagizia unga na ya kumpigia mama kijijini. Nyumba ina fremu mbele na vyumba nyuma, na LUKU ni moja. Sheria inataka gharama iwe ya kuzalisha kipato tu, kwa hiyo kinachokubalika ni ile sehemu ya biashara, na wewe ndiye wa kuonyesha ulivyoigawa. Mwenye daftari dogo la safari za pikapu ana hoja. Mwenye kusema “mafuta yote ni ya duka” hana.

Mke naye? Kama kweli anakaa kaunta kila siku, mlipe mshahara halali kwa kiwango ambacho ungemlipa mtu mwingine, uandikwe, na taratibu za PAYE na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, zifuatwe. Mshahara huo unakatwa kwenye faida. Lakini kuwaandikia mishahara mke anayefanya kazi benki na watoto walioko bweni ili faida igawanyike vipande vidogo, hilo sheria ililiona mapema: kuna kifungu mahsusi dhidi ya kugawanya kipato kwa jamaa ili kukwepa ngazi za juu.

Kwa ubia jambo ni lilelile, hivyo sitakaa hapo. Ubia wenyewe hautozwi kodi ya mapato. Faida inagawanywa kwa makubaliano na kila mbia anatozwa kwa fungu lake, awe amelichota au ameliacha. Kinachoitwa mshahara wa mbia ni sehemu ya fungu hilohilo.

Haya yote ni ya anayetozwa kwa faida. Walio wengi mtaani hawako huko. Mtu binafsi mkazi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, na ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara, anaingia kwenye kodi ya makadirio. Kikomo hicho kilikuwa milioni 20 hadi kilipopandishwa mwaka 2019. Hapo kodi inatazama mauzo, haitazami faida. Hakuna anayeuliza pango lako ni shilingi ngapi, wala umechota ngapi. Mjadala mzima wa elfu 40 unakufa hapohapo. Ukipata hasara, unalipa. Ukipata faida ya kutisha, unalipa kilekile. (Angalia yale maneno ya kipato chote: mwalimu mwenye mshahara na duka pembeni hayuko kwenye kundi hili kwa mujibu wa sheria, ingawa wengi hudhani wapo.)

Lakini hata hapo kujichotea bila kuandika kunagharimu, kwa njia ya pembeni. Jedwali la makadirio kwa wenye mauzo ya chini lina safu mbili: mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kwa viwango vya 2019, mama wa genge mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, akiwa na daftari linaloeleweka, analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Akienda mikono mitupu analipa 100,000. Genge ni lilelile na nyanya ni zilezile. Tofauti ya 70,000 ni bei ya kutokuwa na daftari la shilingi elfu mbili. Na aliyeko chini ya milioni 4 halipi kitu kwenye jedwali hilo. Hao ndio waliolengwa na vitambulisho vya shilingi 20,000 alivyoanzisha Rais Magufuli mwishoni mwa 2018, vile ambavyo machinga wengi wanavikumbuka vikining'inia shingoni.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye simu. Mangi ana laini moja. Wateja wanalipia humo, shemeji anamrejeshea mkopo humo, pesa ya kikoba milioni 3 inaingia humo, na ada inatoka humo. Akitakiwa taarifa za miamala, kila kilichoingia kinafanana na mauzo. Yeye anajua kipi ni mkopo wa kikoba; karatasi haijui. Kwa sheria za rufaa za kodi, anayesema makadirio yamezidi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mtu mwenye mauzo halisi ya milioni 85 anaweza kujikuta juu ya mstari wa milioni 100 kwa sababu ya pesa ambazo hazikuwa zake kwa zaidi ya siku mbili. Hapo ametoka kwenye kodi ya makadirio na kuingia kwenye kutozwa kwa faida, kwa hesabu kamili, na gharama ya kuziandaa nayo inakuja.

Wenye VAT, ambao kwa Bara ni waliovuka mauzo ya milioni 200 tangu Julai 2023, waongeze hili: VAT uliyolipia kitu cha nyumbani huwezi kuidai, hata kama risiti ya mashine ya EFD imeandikwa TIN ya duka. Televisheni ya sebuleni haigeuki kuwa kifaa cha ofisi kwa sababu ya risiti. Zanzibar VAT ina sheria na mamlaka yake. Kodi ya mapato ndiyo jambo la Muungano.

Kisha kuna siku ambayo mtu anamshauri Mangi afungue kampuni. Siku hiyo kila nilichoandika hapo juu kinageuka.

Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni ambayo karibu hisa zote zilikuwa zake. Uamuzi ulikuwa kwamba kampuni ni mtu mwingine, hata kama nyuma yake yuko mtu mmoja. Tulirithi msingi huo. Maana yake kwa droo ni kwamba pesa iliyomo si ya Mangi tena. Ni ya jirani anayeitwa Kampuni, na kila shilingi inayotoka kwa jirani kwenda kwa Mangi lazima iwe na jina.

Jina likiwa mshahara, sasa unaruhusiwa. Mkurugenzi anayefanya kazi ni mwajiriwa. Mshahara wake unakatwa kwenye faida ya kampuni, na kampuni inamkata PAYE na kuipeleka ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mshahara wa milioni 1 ukitoa mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 unabaki 900,000 za kutozwa, na PAYE yake ni 103,000. Jina likiwa gawio, yaani fungu la faida analopewa mwanahisa, mambo ni mengine: gawio halipunguzi faida. Kampuni inatozwa kwanza asilimia 30, kisha gawio linakatwa kodi ya zuio, inayozuiwa kabla pesa haijamfikia mwanahisa, ya asilimia 10. Chukua ileile milioni 18. Kampuni inalipa 5,400,000. Zinabaki 12,600,000, zikigawiwa zote, zuio ni 1,260,000. Jumla 6,660,000, takriban mara mbili ya zile 3,336,000 alizolipa akiwa Mangi wa kawaida. Aliyemshauri afungue kampuni “ili alipe kodi kidogo” huenda hakukaa na kikokotoo.

Ndiyo maana wakurugenzi wengi wa kampuni ndogo hujilipa mshahara wa kiasi na kuacha kinachobaki kikue ndani. Kampuni ina faida zake: mikopo, zabuni, ulinzi wa mali za mtu pindi biashara inapoanguka. Kodi nafuu si lazima iwe mojawapo.

Kinachowaponza ni tabia. Kampuni imeandikishwa, cheti kimetundikwa ukutani, na usiku Mangi anaendelea kuchomoa elfu 40 kama zamani. Kwenye vitabu mhasibu anakosa pa kuiweka, anaandika “mkopo kwa mkurugenzi”, na mwaka baada ya mwaka mkopo ule unanenepa bila kurejeshwa, bila riba, bila mkataba. Sheria ya Kodi ya Mapato inaita mgao wa faida malipo yoyote ambayo kampuni inampa mwanahisa wake, kwa cheo chochote alichonacho, pale yanapozidi kile alichoirudishia. Mkopo usio na dalili ya kulipwa uko jirani sana na maneno hayo. Ukihesabiwa kuwa gawio, ile asilimia 10 ilitakiwa kuzuiwa siku pesa ilipotoka, na anayedaiwa kwa kutokuizuia ni kampuni.

Turudi kwa Mangi wa kawaida. Kalenda yake inambana kuliko viwango. Mwenye mwaka wa Januari hadi Desemba anaipa TRA makadirio yake mwenyewe ya kodi ya mwaka huo kufikia mwisho wa Machi na kulipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Ritani ya mwaka inafuata ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Januari ni ya ada, na mwezi unaofuata mauzo yamelala. Kwa hiyo pesa ya awamu ya kwanza mara nyingi imeshatoka drooni kabla makadirio hayajaandikwa. Ninachowaambia ninaowapangia daftari ni wajipangie kiasi kimoja kwa wiki, wakihamishie kwenye laini ya nyumbani kwa siku maalumu, na laini ya Lipa Namba isilipe ada wala kupokea kikoba. Kiasi hicho hakibadilishi kodi hata senti. Kinabadilisha mazungumzo mezani pa afisa.

Kwa sababu barua ya makadirio ya TRA ikija na hukubaliani nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe unalipa kwanza theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kipi kikubwa. Kumbukumbu zenyewe zinatakiwa zikae miaka mitano. Daftari la Mangi halihitaji kuwa la kihasibu: safu ya mauzo, safu ya manunuzi, safu ya gharama, na ya nne, ambayo madaftari mengi niliyoyaona hayana, imeandikwa juu yake “nyumbani”. Humo elfu 40 inaingia kila usiku. Sukari nayo inaingia humo, kilo mbili, kwa bei aliyoinunulia yeye na si anayouzia wateja.